Tangazo la Tatu

Zulmira aliacha kutoka jasho kabla hajaacha kuhisi miguu yake, na mwanzoni aliiona hali hiyo kuwa ni neema. Wanawake wenzake wa Póvoa, mji wetu wa wavuvi, wale wauza sadini wanaopanda vijiji vya bara na makapu vichwani, walifika juu ya mlima wamelowa mgongo mzima. Yeye alifika mkavu.

"We Zulmira, wewe mtu au jiwe?" walimtania.

"Mtu, shoga. Ila sina mafuta ya kuyeyuka kama nyie!"

Wakacheka wote. Alikuwa na miaka thelathini na minne, ulimi wa pilipili, na sauti ya kuita wateja iliyosikika hadi kijiji cha pili. Mumewe Laurindo alikuwa kwenye meli za chewa, kule kwenye bahari za barafu, miezi sita kila mwaka. Nyumba aliishikilia yeye, na aliishikilia barabara. Nani angemdhania mgonjwa?

Lakini kiangazi kile joto lilimwingia mwilini likakosa mlango wa kutokea. Ilipofika saa sita mchana kichwa kiligonga, ngozi ikawaka kama ya mwenye homa, naye hatoki hata tone. Kisha tumbo nalo likaanza visa vyake. Wiki nzima linafunga, hata akadhani ameziba kabisa, halafu siku moja linafunguka yuko njiani na kapu kichwani, anakimbilia shambani kwa watu huku akilia kwa aibu. Chakula kidogo tu kikamkaa kifuani mpaka jioni. Akakonda. Wenzake wakasema ni uchungu wa mume kuwa mbali, naye akawaacha waseme.

Siku aliyojua, alikuwa uani kwa jirani wakichoma sadini. Alisimama akipiga soga, akasikia harufu ya nyama inayoungua, akasema, "Jamani, samaki wenu wanaungua!" Jirani akatazama chini akapiga yowe. Zulmira alikuwa amekanyaga kaa la moto, peku, na alikuwa amelikanyaga kwa muda. Alicheka, akasema nyayo zake zimekuwa ngumu kama za punda. Alipofika nyumbani alifunga mlango, akakaa sakafuni, akaushika mguu wake akaulilia kama maiti.

Huku kwetu tunauita ugonjwa wa vijiguu, na hatuutaji bila kufanya ishara ya msalaba. Huanza miguuni, ndivyo tunavyosema, na macho yetu yote yako miguuni kwa watu. Mtu akiburuta vidole, akinyanyua magoti juu kama kuku aliyeingia matopeni, basi kwisha, mlango wa nyumba ile haupigiwi hodi tena na mposaji. Baba yake Zulmira alikwenda nao akiwa na miaka arobaini na moja, jeneza lake likabebwa na watu wawili kwa wepesi. Kaka yake Abílio akafuata. Kanuni yetu nyingine, ambayo kila bibi wa mtaa wetu wa kusini anaijua kuliko sala zake, ni kwamba ugonjwa hufuata sura. Mtoto aliyefanana na mgonjwa ndiye mrithi. Aliyefanana na upande mwingine amepona. Zulmira alipokuwa mdogo wanawake walimshika kidevu, wakasema, "Huyu ni baba yake mtupu," kisha wakauondoa mkono haraka. Laurindo alimwoa kwa sababu alikuwa mtu wa bara, na walipomwonya alijibu kwamba bahari itamchukua yeye kwanza, hivyo hana haja ya kuhesabu miaka ya mkewe.

Mtoto wao mmoja, Idalina, alitoka na sura ya Laurindo yote: nywele nyekundu, madoadoa puani, hata kule kusimama ameshika kiuno. Siku alipozaliwa Zulmira alimtazama sana, kisha akamshukuru Bikira Maria mpaka mkunga akashangaa. Tangu siku hiyo alikuwa na jambo moja tu la kuishi kwa ajili yake. Idalina aolewe vizuri, nyumba safi, kabla mama yake hajaanza kunyanyua magoti.

Akaanza kuvaa mitalawanda ya mti, yeye aliyekuwa akitembea peku tangu utotoni, ili mwendo wake wa kugongagonga uonekane ni wa viatu. Na akaenda Porto kwa treni, akiaga kwamba anakwenda kutafuta mashuka ya bibi arusi.

Daktari alikuwa kijana mwenye mikono ya baridi. Alimlaza, akampima presha ya damu, kisha akamwambia asimame, akampima tena. Zulmira akaona chumba kinazunguka, akashika meza.

"Ulipolala ilikuwa kumi na mbili," daktari akasema. "Uliposimama, saba. Kaa, mama, kaa."

Akamchoma miguu mara kadhaa. "Unasikia hii?"

"Ipi?"

Daktari akaificha sindano. Akavuta kiti karibu, jambo ambalo Zulmira hakulipenda hata kidogo, maana madaktari hawasogei karibu kwa habari njema.

"Sikiliza. Mwilini mna mishipa ya fahamu inayokutii. Ukitaka kuinua mkono, unainua. Na mna mingine isiyongoja amri yako. Nani anakuambia utoke jasho? Nani analisukuma tumbo lako ukiwa usingizini? Ukisimama, damu inataka kwenda miguuni, kama maji yoyote. Mishipa hiyo huibana miguu na kuuharakisha moyo, damu ikapanda kichwani kabla hujamaliza kunyooka. Inafanya hivyo mara mia kwa siku, na hujawahi kuishukuru. Kwako ndiyo hiyo inayokufa, pamoja na ile ya miguu."

"Inauawa na nini?"

"Kuna kitu kinajazana ndani yake, kama uji ulioganda. Kwa nini, hatujui bado."

"Dawa?"

"Kula chumvi. Jifunge tumbo na miguu kwa kitambaa cha kubana. Usisimame ghafla hata siku moja. Kaa kwanza, ngoja, halafu simama." Akakirudisha kiti nyuma. "Dawa yenyewe hakuna, mama."

"Miaka mingapi?"

"Minane. Kumi, pengine. Una watoto?"

"Mmoja. Lakini amefanana na baba yake," Zulmira akasema haraka.

"Sura haihusiki kabisa. Ni nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu."

Zulmira alimwitikia kwa adabu, akavaa mitalawanda yake, akatoka. Kijana wa mjini, alijisemea ndani ya treni, anajua nini? Sisi tumeuzika ugonjwa huu miaka na miaka, yeye amekutana nao juzi kitabuni. Alishika ya chumvi na ya kitambaa, ya sura akaiacha Porto. Ndivyo tulivyo. Daktari tunamchagulia maneno, tunachukua yale yanayotufaa.

Majira ya kuchipua yalipofika, Felismina akaleta posa.

Felismina alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, mwenye mashua mbili na nyumba ya ghorofa moja, mdomo umekaza kama mfuko uliofungwa kamba. Mumewe alizama miaka kumi na miwili nyuma. Mwanawe Venâncio alikuwa na miaka ishirini na saba, mpole, macho mazuri, na sura ya mama yake tupu. Idalina alikuwa akimpenda waziwazi, bila hata kujitia kiburi kidogo cha heshima. Kwa Zulmira posa ile ilikuwa kama mlango uliofunguka ukutani.

Lakini Felismina hakuja nyumbani. Alimwalika Zulmira watembee ufukweni, maji yakiwa yametoka.

"Tuvue viatu, mkwe," akasema. "Mchanga umelowa, tutaharibu mitalawanda bure."

Zulmira akaelewa mara moja. Nani asiyeelewa? Mchanga wa maji husema kila kitu: vidole vinavyoburuzwa huacha mkia mbele ya unyayo. Akavua. Akapiga moyo konde, akatembea akiitazama miguu yake kwa pembe ya jicho, akiiamuru kila hatua: inuka wewe, shuka wewe, kisigino kwanza. Kinywani anazungumzia mashuka na vyungu. Walitembea mpaka kwenye mawe. Hapo Felismina akageuka, akatazama walikotoka, akatazama kwa muda mrefu sana.

"Nyayo nzuri," Felismina akasema mwishowe. "Nyayo za mtu mzima wa afya. Mungu ashukuriwe. Siku hizi lazima mtu aangalie, si kweli?"

"Lazima, mkwe."

"Arusi tutafanya meli za chewa zikirudi, baba yake awepo. Matangazo ya kanisani tuanze Agosti."

Usiulize furaha ya Zulmira. Alirudi nyumbani akamkumbatia Idalina mpaka binti akasema, "Mama, utanivunja mbavu!" Akajifunga kitambaa tumboni, akala chumvi kama mbuzi, akajifunza kuinuka kitandani kwa vituo vitatu. Alijiona ameidanganya Póvoa nzima.

Matangazo yalianza. Jumapili ya kwanza padri alisoma majina, akauliza kama kuna mtu anayejua kizuizi cha ndoa ile, kanisa likakaa kimya, Idalina akawa mwekundu kama nywele zake. Siku tatu baadaye ilikuwa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, maandamano makubwa, mji mzima barabarani.

Jua lilikuwa la kuua. Wanaume kumi na wawili walibeba jukwaa la sanamu mabegani, zito kama mashua, na Venâncio alikuwa mmoja wao, safu ya mbele. Zulmira alisimama kivulini, pembeni, karibu na ukuta wa kushika. Alikuwa akitabasamu. Walipofika mbele yake wakatua kupumzika. Wanaume kumi na mmoja walikuwa wamelowa kama waliotolewa majini, mashati yamegandamana na migongo, jasho linadondoka puani, wanajipangusa kwa mikono. Shati la Venâncio lilikuwa kavu.

Kavu kabisa, limenyooka na mikunjo ya pasi bado imo. Uso wake ulikuwa mwekundu wa kuiva, midomo imekauka, naye ameshika nguzo ya jukwaa kwa mikono miwili. Mtu akampa maji, akayamimina kichwani badala ya kuyanywa. Mbele yao mzee mmoja akapiga goti, na wabebaji wote wakapiga goti pamoja naye mbele ya sanamu. Walipoinuka, kumi na mmoja waliinuka. Venâncio aliinua goti moja, akangoja. Akalinyoosha nusu, akangoja. Kisha akasimama. Vituo vitatu.

Hakuna mwingine aliyeona. Wote walikuwa wakitazama miguu, kama kawaida yetu, na miguu ya Venâncio ilikuwa bado mizuri.

Zulmira hakulala siku ile wala iliyofuata. Siku ya tatu, mchana mweupe, alikwenda nyumbani kwa Felismina. Akamkuta uani peke yake, anapasua sadini na kuzitia chumvi pipani.

"Karibu, mkwe. Chukua kisu usaidie."

"Sikuja kupasua samaki. Nimekuja kuuliza. Venâncio ana nini?"

"Ana uchumba," Felismina akasema, kisu hakikusimama. "Vijana wakiwa na uchumba hukonda."

"Hatoki jasho."

Kisu kikasimama.

"Nimemwona kwenye maandamano. Hatoki jasho, na anasimama kwa vituo. Usinifanye mtoto, Felismina."

Felismina akajifuta mikono kwenye aproni polepole, kidole kwa kidole. "Na wewe umejuaje," akasema, "kwamba asiyetoka jasho anasimama kwa vituo?"

Zulmira akaketi juu ya pipa jingine bila kukaribishwa.

"Unadhani sikuona nyayo zako?" Felismina aliendelea, bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha Zulmira zaidi. "Mguu wa kushoto ulikuwa unaandika mkia tangu hatua ya ishirini. Ulichoka ukasahau kuuamuru. Nimeishi na mguu kama ule miaka saba ndani ya nyumba hii, umefichwa ndani ya buti za baharini. Mume wangu hakuzama kwa dhoruba. Bahari ilikuwa shwari kama sahani. Alisimama ghafla kuvuta wavu, akaanguka majini kama gunia, hakupiga hata kelele. Watu wakasema bahari. Nikawaacha waseme bahari."

"Lakini Venâncio ni sura yako tupu!"

"Sura!" Felismina akacheka kicheko kibaya. "Nimelalia sura hiyo miaka ishirini kama mto. Kila asubuhi namtazama mwanangu najiambia, wangu huyu, wangu huyu. Mwaka jana alianza kuacha jasho."

Zulmira akahisi ubaridi unampanda kutoka magotini, mahali ambapo bado alikuwa anahisi. Kama sura ya mama haikumwokoa Venâncio, basi nywele nyekundu za Laurindo hazina kazi yoyote kichwani kwa Idalina. Kijana wa Porto alikuwa amesema kweli.

"Ulijua mimi ni mgonjwa," akasema, "ukaleta posa hivyohivyo."

"Nimeileta kwa sababu hiyo. Nyumba safi ingekuja juu ikigundua, ingemchukua binti yao na kuniachia mwanangu kitandani. Wewe utanyamaza. Mimi ni mzee, Zulmira. Akifika kule alikofika baba yake, nani atamwosha? Nani atambadilisha shuka mara sita kwa siku? Idalina anampenda. Nimeona. Mwenye kupenda haondoki."

"Ni mwanangu huyo! Si mtumishi wa mgonjwa wako!"

"Na huyu ni mwanangu." Felismina akakishika tena kisu. "Ukisema, nami nasema. Idalina hataolewa na mtu hapa, hata kipofu. Nenda nyumbani. Inuka taratibu, utaanguka kwenye samaki."

Alikwenda nyumbani, akamkuta Idalina dirishani anatia nakshi herufi mbili kwenye mto, I na V zimeshikana mikono.

"Mwanangu, tuivunje hii arusi."

Idalina alicheka kwanza. Kisha akaona uso wa mama yake. "Kwa nini?"

"Venâncio ana afya mbovu."

"Venâncio? Amebeba sanamu ya Bikira mji mzima!"

"Ana ugonjwa. Najua."

"Umejuaje?"

Hapo ndipo Zulmira aliposhindwa, na mimi simlaumu, ingawa wapo wanaomlaumu mpaka leo. Kumjibu ilikuwa ni kuvua kiatu na kumwonyesha mguu. Na kumwonyesha mguu ilikuwa ni kumwambia: tazama, huenda na wewe. Binti wa miaka kumi na minane, ana sindano mkononi na uzi mwekundu.

"Mama huwa anajua tu," Zulmira akasema.

"Mama huwa anataka mtu wa kumbebea kapu!" Idalina akautupa mto chini. "Umechoka kupanda mlima, basi mimi nikae hapa nizeeke nawe! Nimekuona, unashikashika kuta, unalala mchana. Unataka yaya. Sema ukweli!"

Zulmira angempiga kofi siku nyingine yoyote. Siku ile aliketi tu. Idalina akahamia kwa shangazi wa Venâncio mpaka arusi, akawa anampita mama yake barabarani bila salamu. Tangazo la pili likasomwa. Kanisa likakaa kimya, na Zulmira akiwemo.

Wiki ile aliipima pande zote. Akinyamaza, Idalina ataingia nyumba ile akiimba, na ndani ya miaka michache atakuwa akifua shuka za mume mwenye miaka thelathini, na watoto nyuma yake, kila mmoja amerushiwa sarafu, pengine mara mbili. Akisema, Idalina hataolewa na atamchukia. Lakini atakuwa huru, anaweza kupanda meli akaenda Brazili wasikojua habari za miguu ya watu. Atamchukia akiwa mzima. Zulmira alipofika hapo moyo ukatulia. Atasema, na atasema kila kitu, ya Venâncio na ya kwake. Ugonjwa si kizuizi kwa sheria za padri, alilijua hilo. Lakini kanisa lile lilikuwa na masikio mia nne, na hayo ndiyo aliyokuwa akiyataka.

Jumapili ya tatu alitangulia kufika. Hakuwa amekula tangu jana, kwa ajili ya komunyo. Kanisa lilijaa mpaka milangoni, mishumaa, joto, pumzi za watu. Alipiga magoti kwenye benchi la tatu tangu mwanzo wa misa, hakukaa hata wenzake walipokaa, anaomba ujasiri, uso kwenye mikono. Idalina alikuwa ng'ambo ya pili, kati ya Felismina na Venâncio, amevaa leso mpya.

Padri akafungua karatasi.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho. Venâncio, mwana wa marehemu Casimiro na Felismina, na Idalina, binti wa Laurindo na Zulmira. Anayejua kizuizi anatakiwa na dhamiri yake aseme."

Akatua kidogo tu, pumzi moja. Padri wetu hakuwa mtu wa kungoja, na Zulmira alimwona tayari anaikunja karatasi.

Akasimama. Aliruka, kusema kweli, kama alivyokuwa akiruka zamani kugombea kapu la kwanza mnadani. "Mimi!" akasema, na sauti ilikuwa ile ile ya milimani, vichwa mia mbili vikageuka.

Neno la pili halikuja. Mtu mwenye afya akisimama hivyo moyo humkimbia na miguu hujibana, damu ikapanda. Moyo wa Zulmira ulibaki kwenye mwendo wake ule ule wa taratibu. Miguu haikubana kitu. Damu ilikaa chini kama maji kwenye ndoo. Masikio yakavuma, mishumaa ya altare ikarudi nyuma, mbali, ikawa midogo kama mbegu. Alimwona Idalina ameziba mdomo kwa mkono. Akataka kusema *Venâncio*. Alitaka kwa nguvu zake zote, na hakuna mshipa mwilini mwake uliojali anataka nini.

Alipofumbua macho alikuwa sakafuni, mgongo kwenye jiwe. Mtalawanda mmoja umeruka mpaka katikati ya kanisa. Mguu wake ulikuwa nje, mbele ya watu, na kovu jeusi la kaa, na kidonda kibichi kisiginoni alichokuwa hajui kama anacho. Alisikia neno likipita benchi kwa benchi, kwa mnong'ono, na mikono ikifanya msalaba.

"Vijiguu."

"Kumbe ni vijiguu!"

"Na binti yake huyo hapo, maskini."

Kisha Felismina akasimama. Kwa utulivu, shali nyeusi, uso wa Ijumaa Kuu. Kanisa likanyamaza kumsikiliza kuliko lilivyowahi kumsikiliza padri.

"Ndugu zangu," akasema, "mmeona wenyewe. Mama wa watu alitaka kusimama aungame mwenyewe mbele yetu, Mungu amrehemu. Mwingine angevunja uchumba hapa hapa, na nani angemlaumu? Lakini mimi ni mjane, najua kupoteza. Msichana huyu hana kosa. Nyumba yangu haimkatai. Tunamchukua hivyohivyo alivyo."

Wanawake wakalia. Wanaume waliovua kofia wakaziminya mikononi. Padri alivua miwani akaipangusa, akasema tangu afike Póvoa hajaona wema wa namna ile. Idalina alipiga magoti palepale, akaushika mkono wa Felismina, akaubusu mara mbili, tatu, machozi yanamtiririka.

"Si kweli," Zulmira akasema kutoka chini. Ulimi ulikuwa mzito lakini maneno yalitoka. "Mwanawe ndiye mgonjwa. Venâncio. Hatoki jasho. Mwulizeni. Venâncio, sema!"

Venâncio alikuwa ameketi, ameshika benchi la mbele kwa mikono miwili. Alimtazama Idalina. Kisha akainamisha kichwa.

"Ona sasa," mwanamke mmoja akasema. "Hata baada ya wema wote huu!"

"Ugonjwa umepanda kichwani."

Idalina akaja, akachuchumaa juu ya mama yake. Uso wake wenye madoadoa ulikuwa karibu kabisa, na hapakuwa na huruma ndani yake, palikuwa na hofu tu na aibu. "Ulijua," akasema. "Miaka yote hii ulijua una nini, ukaniacha niwe wa mwisho kujua. Nyamaza, mama. Nakuomba. Venâncio amebaki peke yake duniani anayenitaka."

Zulmira alijaribu kuinuka amshike. Watu wawili wakamvuta mikono wamsimamishe, na macho yakaanza kumgeuka tena.

"Si hivyo, mtamwua!" Felismina akasema, akawasukuma. Alipiga goti sakafuni, akamlaza Zulmira, akainua miguu yake akaiweka juu ya benchi, akaikanda tangu mashavu ya miguu mpaka juu kwa viganja viwili, kwa nguvu, kuelekea moyoni. Akangoja. Akamketisha, akaikaza ile shali yake kumzunguka tumbo, akambania kichwa magotini. Akangoja tena, midomo ikihesabu. Ndipo akamwinua, polepole, kituo kwa kituo, bega lake chini ya kwapa la Zulmira mahali hasa panapostahili, naye Zulmira akasimama asianguke.

"Mtakatifu, mwanamke yule," watu wakasema wakitoka kanisani. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza amejifunzia wapi.